Alikuwa Akicheka, Hakuwa Akicheza

RISALA YA WANAFUNZI WA USEREMALA, MWAKA WA PILI, KWA MGENI RASMI, SIKU YA KUFUNGULIWA KWA UKUMBI MPYA WA CHUO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu wa fani zote,

KARIBU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu. Tumekungoja kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, maana leo si mara ya kwanza kukufagilia uwanja huu. Kabla ya leo tuliwahi kupaka chokaa mawe ya njiani, tukapanga viti, tukajifunza wimbo, halafu tukaambiwa turudi karakana kwa sababu umepata dharura. Hatukulaumu. Kiongozi ana mambo mengi. Leo umefika, tumekuona kwa macho yetu, na tunashukuru.

Tunamwomba radhi Mkuu wetu wa Chuo kabla hatujaendelea. Risala aliyoipitia wiki iliyopita ilikuwa nzuri. Ilikuwa na salamu, shukrani na ombi la mipira ya michezo. Siyo hii. Ile tuliiandika tukiwa na woga. Hii tumeiandika darasani, milango ikiwa wazi, kila mmoja akisema lake mpaka tukakubaliana. Anayewasomea ni mwenzetu tunayemwita Bibi Harusi, kwa sababu asubuhi huchukua muda mrefu kujiandaa mpaka kengele inalia mara ya pili, na bado anatafuta kiatu. Na yeye mwenyewe ameandikwa humu. Akifika mahali akasita, mvumilieni. Atamaliza.

HISTORIA YETU KWA UFUPI

Mheshimiwa, darasa letu lilianza na watu wengi, wakapungua kama wanavyopungua kila mahali. Waliobaki tulijigawa wenyewe kwa meza za kazi. Kuna meza ya mlangoni, ya wenye haraka ya kutoka. Kuna meza ya katikati, ya wachamungu. Na kuna meza ya dirishani, ambayo ndiyo historia tuliyokuja kuieleza.

Meza ya dirishani ilikuwa na watu watatu. Wa kwanza ni Msumari. Tulimwita hivyo kwa wembamba wake, siku ya kwanza tu alipovaa koti la kazi likamzunguka mara mbili. Hakukasirika. Alisema, "Sawa, lakini msinigonge kichwani." Jina likakaa. Mama yake ni fundi cherehani, na Msumari alikuja kusomea useremala kwa sababu moja anayoweza kukueleza akiwa amelala: meza ambayo mama yake anakatia nguo inayumba. Tangu akiwa mdogo ameiona ikiwekewa karatasi zilizokunjwa chini ya mguu, leo mguu huu, kesho ule. Alikuwa amejiapia kwamba kitu cha kwanza atakachokitengeneza kwa ajili ya kwao ni meza isiyoyumba.

Wa pili ni Redio. Redio alikuwa hanyamazi. Alitangaza mechi ambazo hakuziona, alisoma taarifa ya habari ya bweni kila asubuhi akiwa bado kitandani: nani amekoroma, nani ameota ndoto akataja jina la msichana, sabuni ya nani imepotea na nani ananukia sabuni hiyo. Yeye na Msumari walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Redio chini, Msumari juu, "kwa sababu wewe hata ukianguka," Redio alikuwa akimwambia, "hutaniumiza."

Wa tatu ni huyu anayesoma.

Msumari na Redio walikuwa na shati moja zuri, jeupe, walilochangia kulinunua. Jumapili hii la huyu, Jumapili ijayo la yule. Siku moja Redio akamwazima mtu wa fani ya uashi aende nalo kwenye sherehe, likarudi na doa la mchuzi mgongoni. Msumari alipoliona alinuna siku nzima na ya pili yake. Redio alitangaza kila kitu, mpaka mechi ya timu asiyoipenda, ili tu amchekeshe. Wapi! Siku ya tatu wakiwa bwaloni, Msumari akatafuna jiwe kwenye maharage, likalia kwa! mpaka meza ya jirani wakageuka. Redio akasema kwa sauti ya mtangazaji, "Wasikilizaji, goli!" Msumari akacheka mpaka maharage yakamtoka puani. Ugomvi ukaishia hapo.

Na Redio alipopata homa kali wakati wa mitihani ya mwaka wa kwanza, ni Msumari, na wembamba wake ule, aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, akarudi akiwa amechelewa mtihani wa michoro. Mwalimu akamwuliza alikuwa wapi. Akajibu, "Nilikuwa nasafirisha redio, mwalimu." Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka, akamruhusu kuingia.

Tunaeleza haya, Mheshimiwa, si kwa sababu hatujui kuwa muda wako ni mfupi. Tunaeleza ili ujue kwamba Msumari ni mtu wa kucheka, na kwamba kucheka kwake hakukuwahi kumharibia mtu kazi. Utaona kwa nini tumelisisitiza hilo.

MAFANIKIO

Chuo kimejenga ukumbi huu. Ni mkubwa, una madirisha ya vioo, na sauti inasikika mpaka nyuma. Tunaupongeza uongozi.

Wanafunzi wa useremala tumetengeneza viti vyote vilivyomo humu, pamoja na hiki cha mbele, chenye mgongo mrefu na mikono ya kupumzishia. Hiki kilichukua kazi kubwa kuliko vingine vyote kwa pamoja. Mkuu wa Chuo alikuja karakana yeye mwenyewe na kusema, "Nataka kiti ambacho mgeni akikikalia ajue kwamba hapa kuna mafundi." Kazi hiyo ikapewa meza ya dirishani, kwa sababu mkono wa Msumari kwenye patasi ulikuwa mwepesi kuliko wa sisi wote. Hatuoni haya kulisema.

Siku ya kukimalizia, umeme ulikatika tangu asubuhi. Kiti kilikuwa kimekamilika isipokuwa mkono mmoja, wa kulia. Wewe ulikuwa unatarajiwa kesho yake. Tulikaa tukipiga msasa kwa mikono, na Redio akitangaza ziara yako kabla haijafika. "Wasikilizaji, mgeni rasmi anakaribia kiti. Anakiangalia. Anakaa... na sasa kiti kinalia kwiii! Mkuu wa Chuo anazimia!" Msumari alicheka akashika mbavu. Tulicheka wote. Utuwie radhi.

Alasiri umeme ukarudi. Mwalimu wetu wa karakana alikuwa ametumwa dukani kufuata vanishi. Kwa utaratibu, mwalimu asipokuwepo mashine ya kupasulia mbao haiwashwi. Lakini ujumbe ukaja kutoka ofisini, na aliyeuleta akasimama mlangoni akiangalia saa: mkono wa kiti umalizike leo, umeme usije ukakatika tena. Tukamwambia mwalimu hayupo. Akasema, "Nyinyi ni watoto? Mwaka wa pili huu." Msumari akainuka.

Mheshimiwa, mashine ile ina msumeno wa duara unaochomoza juu ya meza. Juu yake panatakiwa kuwa na kinga, kibati kinachoufunika msumeno ili mkono ukiteleza ukutane na bati badala ya meno. Kinga hiyo ilivunjika kabla sisi hatujafika chuoni. Mwalimu wetu aliiomba mwaka jana, akaiomba tena mwaka huu. Kila mara aliambiwa ipo kwenye bajeti ijayo.

Bibi Harusi alikuwa amesimama ng'ambo ya mashine, ndiye aliyekuwa akipokea mbao. Aliuona uso wa Msumari. Hakuwa akicheka. Akipima kitu Msumari hutoa ncha ya ulimi kidogo pembeni mwa mdomo, na ulimi ulikuwa nje. Mbao ilikuwa na fundo katikati. Msumeno ulipofika kwenye fundo, mbao ikaruka.

Vilikwenda vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vimebaki gumba na kile kidogo cha mwisho.

Redio alifagia vifaa vyote mezani kwa mkono mmoja, akamlaza Msumari, akavua shati lake, akamfunga mkono. Ndiye aliyepiga kelele tukazima mashine. Mkuu wa Chuo alitoka ofisini mbio na kutoa gari lake mwenyewe. Viti vya gari vililowa damu, na hatujawahi kumsikia akilalamikia hilo. Hatutaki umwone Mkuu wetu kuwa mtu asiye na moyo. Tunataka tu uyasikie na yale asiyoyasema.

Mkono wa kiti ulimaliziwa na meza ya mlangoni na ya katikati, jioni ileile, kwa sababu wewe ulikuwa unakuja. Damu ilikuwa imeingia kwenye mbao. Tulipiga msasa mpaka doa likaondoka, na vanishi ikafanya kazi yake.

Asubuhi, wakati wa chai, simu ikapigwa kuwa huji.

Kiti hicho, Mheshimiwa, ndicho ulichokalia sasa. Tunakuomba usisimame. Ni kiti kizuri, na kilitengenezwa ili kikaliwe.

CHANGAMOTO

Mama yake Msumari alifika siku ya pili. Alitoka kazini kwake bila hata kubadilisha nguo. Sindano zilikuwa bado zimechomekwa kifuani mwa blauzi yake, na nyuzi za rangi zimemganda kwenye sketi. Sisi tulikuwa tunakata majani nje ya ofisi, madirisha yakiwa wazi.

Tulimsikia Mkuu wa Chuo akimwambia kwa upole, "Mama, haya ni mapenzi ya Mungu."

Mama akauliza, "Mungu ndiye aliyetoa kile kibati juu ya mashine?"

Halafu Mkuu akasema kuwa chuo kitaunda kamati, ukweli utajulikana, na kama chuo kina kosa, chuo kitawajibika. Mama akasema, "Baba, mimi sitafuti kosa. Nilikuletea mtoto mzima. Niambie nimpeleke wapi sasa."

Alipotoka alitukuta tumesimama na mafyekeo yetu. Alimtazama kila mmoja mikono, si usoni. Mikono. Halafu akaenda zake hospitali.

Kamati ikaundwa. Bibi Harusi hakuitwa. Alijipeleka mwenyewe mpaka mlangoni, akaambiwa, "Wewe ulikuwa na mshtuko, hukuona vizuri." Aliyeitwa ni Redio. Mnatakiwa kujua kwamba Redio alikuwa na onyo la mwisho, kwa kuchelewa kurudi kutoka likizo alipomuuguza bibi yake. Kosa moja zaidi, anarudishwa nyumbani. Kamati ilimkumbusha hilo kabla hajakaa.

Mazungumzo yalikuwa mafupi. Ametueleza mwenyewe, nasi tunayaandika kama alivyotueleza.

Wakamwuliza, "Mchana ule, kabla ya ajali, mwenzako alikuwa katika hali gani?"

Akajibu, "Alikuwa anacheka."

"Alikuwa anacheka karakana?"

"Ndiyo. Mimi nilikuwa namchekesha. Lakini hiyo ilikuwa kabla umeme..."

"Basi alikuwa anacheza."

Redio akanyamaza. Wakaandika. Wakamwambia anaweza kwenda.

Jumatatu mstarini tulisomewa matokeo: ajali ilisababishwa na mwanafunzi kufanya mchezo wakati wa kazi, chuo hakihusiki, wanafunzi wote wajifunze. Tulisimama tukaangalia ardhi. Mwalimu wetu wa karakana aliondoka mstarini kabla hatujaruhusiwa, akaenda kujifungia kwenye stoo ya gundi. Hakutoka mpaka saa ya chakula, na alipotoka hakumtazama mtu.

Msumari aliporudi kutoka hospitali, mkono ukiwa kwenye bandeji kubwa kama bunda la pamba, alikuwa ameshazisikia habari. Alipanda kitandani kwake juu, kwa shida, bila kukubali kusukumwa. Redio alikuwa amekaa chini. Tulikuwepo wengi chumbani, kila mtu akijifanya anakunja nguo.

"Ulisema nilikuwa nacheza?"

"Nilisema ulikuwa unacheka."

"Wao wakasema nini?"

"Wakasema ulikuwa unacheza."

"Na wewe ukasema nini?"

Redio akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake. Tulingoja. Msumari akageukia ukutani.

Kesho yake Redio alihamisha godoro lake hadi chumba cha wanafunzi wa umeme. Tangu siku ile hatujasikia taarifa ya habari asubuhi. Watu wa chumba chake kipya wanasema hawajui kwa nini anaitwa Redio.

Mheshimiwa, sisi tulitaka kusaidia, na hapo tuliharibu zaidi. Msumari alikuwa ameshaziranda mbao za meza ya mama yake na kuziweka pembeni, nyuma ya mlango wa karakana, zikauke vizuri. Tukapanga kumshtua kwa furaha. Tukaiunga ile meza baada ya vipindi, siku kadhaa, tukaipiga msasa, tukaipaka vanishi. Haikuyumba hata kidogo. Tukamwita. Bibi Harusi alikuwa ameifunika na shuka lake, akalifunua.

Msumari aliiangalia. Akaizunguka. Akaishika ukingo kwa mkono wa kushoto. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Nani amewaambia mimi nimekufa?"

Tukasema tulitaka kumfurahisha mama.

"Mnagawa mirathi yangu nikiwa nimesimama hapa? Hii meza mmetengeneza nyinyi. Mpelekeeni mama zenu."

Bibi Harusi akaanza kulia. Msumari akamwambia, "Usilie. Nikianza kulia mimi nani atanibembeleza?" Akatoka. Meza ikabaki katikati ya karakana, tukawa tunaizunguka kama gari lililoharibika njiani.

Msumari alifanya mtihani wa nadharia kwa kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zilikuwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini alifaulu, na kuliko wengi wetu. Hilo tungeweza kuliweka kwenye mafanikio. Kisha ukaja mtihani wa vitendo. Wasimamizi wakasema mtihani una muda wake, ni uleule kwa kila mtu, na hairuhusiwi mwanafunzi kuja na kifaa chake. Msumari alikuwa amejitengenezea kibano cha mbao kilichofungwa kwenye jiliwa, lile linalong'ang'ania ubao ukifanya kazi, ili kishike kile ambacho mkono wake wa kulia hauwezi kukishika. Wakakitoa mezani. Akaanza bila hicho. Muda ukaisha akiwa amemaliza kiungo kimoja cha mbao kati ya viwili vilivyotakiwa.

Akaitwa ofisini, akashauriwa ahamie kozi ya utunzaji wa stoo. Wakamwambia huko mikono haihitajiki sana. Jina lake likatolewa kwenye orodha yetu kabla hajajibu.

HALI ILIVYO SASA

Siku moja tulifika karakana asubuhi tukaikuta ile meza imefumuliwa. Mbao zote zimelala sakafuni, zimepangwa, hakuna hata moja iliyopasuka. Msumari alikuwa amekuja mapema, kwa ruhusa ya mwalimu wa karakana, akaifumua kiungo kwa kiungo. Sasa anaiunga upya mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kila jioni baada ya kutoka darasa la stoo. Anaharibu, anarekebisha. Kuna kiungo, cha tatu, amekirudia mpaka ubao umekuwa mfupi, akaanza na ubao mwingine.

Mbao ndefu haiwezi kushikwa na mtu mmoja. Jioni ya kwanza alijaribu kuiegemeza kwa goti, ikaanguka. Akaiinua, ikaanguka tena. Sisi tulikuwa mlangoni, hakuna aliyethubutu, baada ya yale ya shuka. Redio akapita kati yetu. Akaenda, akashika ncha ya pili ya ubao.

Msumari hakuinua kichwa. Alisema neno moja tu: "Inua."

Redio akainua.

Tangu siku hiyo Redio huja kila jioni. Hawaongei. Msumari husema "shika", "inua", "acha", tena huyasema akiutazama ubao, si mtu. Redio hajibu. Kazi ikiisha kila mmoja huondoka na njia yake. Tusikudanganye kwamba wamepatana. Hawajapatana. Shati lile jeupe limetundikwa kwenye msumari chumbani na hakuna kati yao anayelivaa.

Tulipokaa kuandika risala hii, baadhi yetu tulitaka tumwache Redio nje, tukihofia kumwaibisha mbele za watu. Yeye akasimama nyuma ya darasa akasema, "Andikeni na langu. Wao waliandika neno moja, nikaliacha. Na nyinyi mkiliacha lisimame, litakuwa ndilo la kweli." Kwa Redio, hiyo ilikuwa hotuba fupi kuliko zote.

MAOMBI YETU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekuja na maombi machache, na hakuna linalohitaji jengo jipya.

Tunaomba kinga ya mashine. Mwalimu wetu anasema ni kibati na skrubu zake. Kama bajeti ijayo bado iko mbali, tunaomba turuhusiwe kukitengeneza wenyewe, na mashine isiwashwe mpaka kifungwe. Tangu Msumari aumie, mashine hiyo imeendelea kufanya kazi ikiwa vilevile. Mbao za viti vya mistari ya nyuma zimepasuliwa nayo.

Tunaomba Msumari arudishwe kwenye orodha ya useremala, na afanyiwe upya mtihani wa vitendo akiwa na kibano chake na muda wa kumtosha. Hatuombi apewe alama za huruma. Akishindwa, ashindwe kama sisi tunavyoshindwa.

Tunaomba lile neno la mchezo lifutwe. Mstarini lilisomwa kwa sauti, basi lifutwe kwa sauti, mstarini, wote tukiwepo. Alikuwa akicheka kabla ya kazi, na kazi ilipoanza alinyamaza. Yupo aliyeona, na ndiye anayekusomea. Kamati haikumwuliza, ila wewe unaweza kumwuliza.

Tunaomba, siku nyingine ukipata dharura, ujumbe utumwe mapema kidogo. Tunajua haikuwa makusudi. Tunaomba tu ujue kwamba huku mwisho wa simu kuna watu wanaokimbizana.

Na tunaomba, kwa unyenyekevu, tusiitwe ofisini kesho kwa sababu ya risala hii. Tukiitwa, tuitwe wote, maana tumeiandika wote.

TAMATI

Mheshimiwa, Msumari yumo humu ukumbini. Hakutaka kuja, na alipokubali alitupa masharti. Tusimsimamishe. Tusiombe apigiwe makofi. Tusimwonyeshe kwa kidole. Tumeahidi, na tutatimiza. Utamjua mwenyewe ukishuka kutusalimia, kwa sababu kila wanapofika wageni huwa wanapita mistarini kutupa mkono mmoja mmoja.

Kuna mmoja atakayekupa mkono wa kushoto. Si utovu wa adabu. Mama yake amemlea vizuri. Tunakuomba usishtuke, usimwangalie kwa huruma, wala usimwambie pole. Hizo ameshapewa za kutosha. Mwulize tu kiungo cha tatu kimefika wapi. Atakujibu kwa kirefu, na sisi tuliobaki mstarini hatutachoka kusubiri.

Mungu akurudishe nyumbani kwako salama, awalinde walimu wetu, na ampe Mkuu wetu wa Chuo moyo wa kutusikiliza jioni ya leo kama alivyotusikiliza mchana huu. Na kila mtoto aliyeletwa hapa akiwa mzima, Mungu amsaidie arudi kwao mzima.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Useremala, Mwaka wa Pili,
wa meza ya mlangoni, ya katikati na ya dirishani,
Msumari akiwemo.